Nani Kasema Kubadili Tyuni ni Kuchakachua?

Kuna kauli imezoeleka miongoni mwa wapenzi wa kinanda cha mdomo, hiki kidogo cha matundu kumi ambacho wengi tunakiita harmonika (hakina undugu wowote na Harmonize wa Bongo Fleva, ingawa ukikitafuta mtandaoni utaletewa yeye kwanza). Mtu akisema anataka kubadilisha mpangilio wa sauti za kinanda chake, hata ulimi mmoja tu, anashukiwa kama kakojoa kisimani. Eti anachakachua. Eti mvivu. Eti Little Walter hakuhitaji vitu hivyo. Jifunze kupinda noti kama wenzako, anaambiwa, na mjadala unafungwa hapo.

Mimi nataka kuufungua tena. Kauli hiyo haina historia nyuma yake, na inawatesa watu ambao kosa lao ni kutaka kupiga nyimbo za bibi zao. Na naileta hapa, mbele ya wapenda fasihi, kwa sababu sisi tumeshaisikia ikisemwa kuhusu kitu kingine. Nitafika huko.

Kwanza chombo chenyewe, maana wengi wanaobishana hawajawahi hata kukifungua. Ndani ya kinanda cha kawaida kuna ndimi 20 za shaba, mbili kwa kila tundu: mmoja unalia ukipuliza, mwenzake unalia ukivuta pumzi. Chukua cha C. Waliopita kwaya watanielewa haraka nikitumia solfa. Ukipuliza kuanzia tundu la 1 mpaka la 10 unapata do mi so, do mi so, do mi so, do. Ukivuta unapata re so ti re, halafu fa la ti re fa la. Mpangilio huu unaitwa Richter, na ndio uliomo kwenye karibu kila kinanda cha matundu kumi utakachokikuta dukani, awe kakiuza Mjerumani au Mchina.

Sasa itazame oktava ya chini, tundu la 1 mpaka la 4. Do ipo, re ipo, mi ipo, so ipo, ti ipo. Fa haipo. La haipo. Na so imewekwa mara mbili, tundu la 2 ukivuta na tundu la 3 ukipuliza, kama mgeni aliyepewa viti viwili wakati wengine wamesimama.

Hilo si kosa la fundi. Aliyepanga hivyo alitaka kodi, namaanisha za muziki na si za TRA. Puliza matundu ya chini kwa pamoja, unapata kodi ya do. Vuta, unapata kodi ya so. Kodi hizo mbili zinatosha kusindikiza nyimbo za kucheza za Wajerumani, zile za moja-mbili-tatu, huku melodia ikipigwa matundu ya katikati ambako fa na la zipo. Kwa hiyo Richter ni jibu zuri sana. Tatizo ni kwamba watu wamesahau swali lilikuwa la nani.

Matthias Hohner alianza kutengeneza vinanda hivi Trossingen mwaka 1857, na Marine Band, ile ambayo picha yake ndiyo inayowajia wengi wakisikia neno harmonika, ilitoka mwaka 1896. Ikavuka bahari. Ikafika mikononi mwa Weusi wa kusini mwa Marekani, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Wao hawakuipiga kama ilivyokusudiwa. Waliona kwamba pumzi ya kuvuta ina nguvu zaidi, ina kilio, na kwamba noti za kuvuta za chini zinaweza kushushwa kwa kubadili umbo la mdomo na koo. Basi wakahamisha nyumbani kutoka do kwenda so. Kinanda cha C kikawa kinapigwa kwa G. Ile fa ya tundu la 5 ikawa ndiyo saba iliyolegea, na ti ya tundu la 3 ikawa ya kuteleza, mara juu, mara chini, mara katikati pasipo na jina. DeFord Bailey, Sonny Terry, John Lee Williamson, kisha Little Walter na kipaza sauti chake: wote walijenga kwenye ardhi hiyo hiyo.

Hebu tulieni hapo kidogo. Watu hawa walikuwa wanafanya nini kama si kuikataa tyuni ya fundi? Fundi alisema nyumbani ni do, wao wakasema nyumbani ni so. Fundi alikusudia noti ikae mahali pake, wao wakaiburuta. Halafu leo, miaka mia na zaidi baadaye, mtu anasimama kulinda mpangilio wa fundi *kwa jina lao*! Jamani.

Najua jibu litakalokuja: lakini wao hawakukwangua ulimi hata mmoja. Ni kweli. Hawakuhitaji. Pengo la Richter liliangukia mahali ambapo wimbo wao ulitaka pengo. Blues inataka ti ambayo si ti, inataka sauti zinazopita katikati ya zile za kwenye karatasi, na tundu la 3 likawa kisima chao. Ila wimbo ambao unataka la, la tulivu, iliyokaa, ya kukanyagwa kama ngazi, hauna kisima pale. Una shimo.

Na nyimbo hizo ni nyingi mno. Nyimbo nyingi za kwetu, za kubembelezea watoto, za kucheza, za jandoni, hata tenzi ambazo kwaya zimezigeuza mpaka zikasahau zilikotoka, zinatembea juu ya sauti tano: do re mi so la. Mtetezi wa Richter atakwambia sauti hizo zote tano zipo oktava ya kati, tundu la 4 hadi la 6. Sawa kabisa. Lakini wimbo hauishi kati ya do na do kama mfungwa. Unashuka. Unateremka chini ya do, unagusa la, unagusa so, ndipo unarudi nyumbani, na mara nyingi kile kishuko ndicho roho yake. Hapo Richter inakuacha mlangoni. Ukipandisha oktava nzima ili kishuko kiangukie katikati, melodia inapaa kwenye matundu ya juu ambako kinanda kinapiga kelele kama filimbi ya refa.

"Ipinde basi." Haya, tuipinde. La ya chini inapatikana kwa kuvuta tundu la 3 na kuishusha ti kwa toni nzima. Waulize waliojaribu. Ti hiyo inaweza kushuka ngazi tatu, na la ndiyo ya katikati. Ile ya chini kabisa ina sakafu, unajua umefika. Ya katikati haina sakafu wala ukuta. Mdomo wako mwenyewe ndio unaoamua isimame wapi, na kwa miezi mingi itasimama pasipotakiwa. Kwa mpiga blues hilo si tatizo, yeye anapita tu akielekea kwingine. Lakini kumtaka mama anayetaka kumpigia mwanawe wimbo wa sauti tano awe kwanza mwanasarakasi wa koo, halafu tuite hiyo nidhamu ya muziki? Hapana bwana.

Dawa yake ipo na ni ya ulimi mmoja. Inaitwa Paddy Richter, na aliyeieneza ni Brendan Power, mpigaji aliyezaliwa Kenya akakulia New Zealand, na ambaye alitaka kupiga nyimbo za Waayalandi zenye noti nyingi za haraka. Alichofanya ni kuiondoa ile so ya ziada. Tundu la 3 ukipuliza, badala ya so, unapata la. Kwisha. So unayo bado, iko jirani, tundu la 2 ukivuta. Oktava ya chini sasa inasomeka do re mi so la ti do, na sauti zetu tano zote zimekaa mezani bila kupindwa hata moja.

Je, haina gharama? Inayo, na anayekuambia haina anakuuzia kitu. Kupinda noti kunategemea umbali kati ya ndimi mbili zinazokaa tundu moja. Ule wa juu hauwezi kushuka kuupita wa chini. Ulipokuwa na ti juu na so chini, kulikuwa na nafasi ya ngazi tatu. Ukiweka la, ngazi inabaki moja. Mteremko mrefu wa blues wa tundu la 3 umekufa. Kodi ya do ya matundu matatu ya kwanza nayo inageuka kuwa do mi la, ambayo ina huzuni usiyoiomba. Kwa hiyo mpiga blues akikataa Paddy Richter ana sababu, na nitamtetea. Ninachokataa ni yeye kuamua kwa niaba ya wote.

Nilisema nitafika kwenye fasihi. Mnaukumbuka, au mmeusoma, ule mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na wenye vina na mizani wakasema hayo si mashairi. Sina nia ya kuufufua wote, tutakesha. Kinachonivutia ni jambo moja dogo. Mshairi wa kimapokeo ana ruhusa zake. Mizani ikizidi anakata neno, ndiyo inkisari. Ikipungua analirefusha, ndiyo mazida. Kina kikigoma anageuza mwisho wa neno, tabdila hiyo. Ruhusa hizi ni kupinda noti, hakuna tofauti: umbo limesimama, wewe unalikunja neno mpaka liingie. Na zinapofanywa na mtu anayejua, zina utamu wake wa pekee, ule utamu wa kuona mtu akipenya mlango mwembamba bila kuchubuka.

Lakini hata mlinzi mkali kuliko wote wa arudhi hajawahi kumwambia mtunzi wa utenzi kwamba anachakachua kwa sababu mshororo wake una mizani 8 wakati wa tarbia una 16. Utenzi ni bahari yake. Umewekwa hivyo kwa kazi yake, kusimulia marefu bila kuchoka. Tarbia ina kazi nyingine. Bahari zipo nyingi na mshairi anachagua kabla hajaanza, kisha akishachagua ndipo inkisari na mazida zinaanza kuwa na maana. Tyuni ni bahari. Watu wa Richter wanachofanya ni kushika bahari moja, kuiita ushairi, na kusema atakayetunga kwa nyingine hajui kupinda maneno.

Sasa tuzilinganishe hizo bahari nyingine, maana si zote zina thamani sawa, na kambi ya pili nayo ina madudu yake.

Ya kwanza kuitaja ni ile inayoitwa tyuni ya kantri. Unapandisha fa ya tundu la 5, ile ya kuvuta, kwa nusu toni. Basi. Charlie McCoy, mpigaji maarufu wa Nashville, ameitumia sana. Ukipiga kwa nyumba ya so, ile saba iliyolegea inakaza, na nyimbo za furaha zinakuwa za furaha kweli. Mtu mwenye akili akaunganisha hii na Paddy Richter, na hapo ndipo ilipo Melody Maker ya Lee Oskar, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa kwenye bendi ya War na aliyeanzisha kampuni yake ya vinanda mwaka 1983. Kwenye Melody Maker, tundu la 3 la kupuliza limepanda toni nzima, na matundu ya 5 na ya 9 ya kuvuta yamepanda nusu. Anzia tundu la 2 kwa kuvuta, liite do, na ngazi yote inapanda bila pengo: vuta 2, puliza 3, vuta 3, puliza 4, vuta 4, puliza 5, vuta 5, puliza 6. Ni safi kama ngazi ya msikitini. Kwa nyimbo za kanisani na za reggae naiweka juu ya zote. Ukijaribu kuipigia blues, utasikika kama mwanakwaya aliyepotea njia akaingia kilabuni. Fa ile bado unaweza kuipinda ukaipata, lakini ukivuta matundu yote ya chini kwa mkupuo, ile kodi chafu yenye saba ndani yake haipo tena.

Halafu zipo za majonzi. Kwenye ile ya minor ya kawaida, mi na ti zinashushwa nusu kila mahali zilipo. Hiyo haihitaji maelezo mengi, ni nzuri, nunua. Iliyonishika mimi ni nyingine, ya harmonic minor, ambamo kinachoshuka ni mi na la, ti ikabaki juu. Kwa mtu wa pwani hapa kuna kitu. Anzia so ya tundu la 6 kwa kupuliza, vuta 6 upate la iliyoshuka, vuta 7 upate ti, puliza 7 upate do, vuta 8 upate re. Sikiliza lile ruko kati ya noti ya pili na ya tatu. Masikio yaliyokulia taarab yatalitambua kabla akili haijasema jina: Hijaz. Si Hijaz ya mpiga udi aliyebobea, ambaye ananyanyua na kushusha vidole kwa unywele, lakini ni Hijaz ya kukaa nayo barazani. Mtu aniambie ni kwa juhudi gani ya kupinda angelipata jambo hilo kwenye Richter akiwa bado anafurahia maisha. Rast na Bayati ndiyo taabu, maana zinataka robo toni, na hiyo sijaikuta kwenye orodha za tyuni zinazouzwa madukani. Lakini tupa haijui mipaka ya orodha.

Ndiyo, tupa. Hapa wengi huogopa, kama vile nimesema upasuaji wa moyo. Kinanda kilichofungwa kwa skrubu kinafunguliwa kwa bisibisi ndogo (Marine Band ya zamani imepigwa misumari, hiyo mwachie fundi). Bamba la juu ndilo la ndimi za kupuliza, nazo zinaangalia ndani. Ukitaka ulimi upande, unakwangua shaba kidogo kwenye ncha yake, ile inayocheza. Ukipunguza uzito wa ncha, unatetemeka haraka zaidi. Ukitaka ushuke, unakwangua karibu na mzizi. Chini yake unaingiza kipande cha karatasi ngumu au wembe mwembamba ili usiupinde. Unakwangua kidogo, unasikiliza, unakwangua tena. Toni nzima ya tundu la 3 inataka subira, na ukikwangua kwa hasira ulimi utakatika wiki ijayo. Anza na kinanda cha bei rahisi ambacho hata kikiharibika hakitakutoa machozi.

Na Afrika hili si jipya. Wazulu walipoipata konsatina, ndugu wa damu wa harmonika kwa kuwa nayo inalia kwa ndimi zinazotetemeka kwa hewa, hawakuandika barua Ulaya kuomba ruhusa. Mafundi wao walizihamisha na kuzikwangua ndimi mpaka ikaimba maskanda. Hakuna anayewaita wachakachuaji. Tunasema wana mtindo wao.

Kambi ya pili sasa. Hawa wamegundua kwamba Richter ina mapengo, basi wanataka kuyaziba yote. Wa kwanza wanapendekeza tyuni ya solo: puliza do mi so do, vuta re fa la ti, na kila oktava ifanane na mwenzake. Ndiyo tyuni ya vinanda vya kromatiki, vile vyenye kitufe cha pembeni, na kwa Toots Thielemans na Stevie Wonder imefanya maajabu. Kwenye kinanda kidogo kisicho na kitufe unalipa mara mbili: do mbili zinakaa jirani zinakula nafasi, na ukivuta matundu manne kwa pamoja unapata re fa la ti, mchanganyiko ambao haujui unakwenda wapi. Wa pili ni watu wa tyuni ya mzunguko. Hawa wanapanga noti kama shanga: puliza do, vuta re, puliza mi, vuta fa, puliza so, vuta la, puliza ti, vuta do. Umeona? Do ya kwanza ni ya kupuliza, do ya pili ni ya kuvuta. Kwenye karatasi inapendeza mno. Kwenye kifua, wimbo uleule ukipanda oktava unapumua kinyume, na kwa mtu anayepiga kwa hisia ya pumzi hiyo ni kama kuambiwa uandike kwa mkono wa kushoto kila ukifika ukurasa wa pili. Zipo na zile zilizopangwa kwa nusu toni tatutatu ili mtu apige nyimbo za do yoyote kwa kinanda kimoja. Hizo nawaachia wanahisabati.

Kosa la kambi hii ni kudhani pengo ni uchafu. Mtu akiondoa kila pengo anapata chombo kinachoweza kusema kila kitu na kisichokuwa na lafudhi. Mimi natetea tyuni nyingine kwa sababu nataka mapengo mengine, yaliyo mahali pengine. Kamusi kamili iko rafuni, sihitaji kuipuliza.

Kuna upande mwingine wa tyuni ambao hausemwi sana, na kwangu ndio wenye uchungu zaidi. Mpaka sasa nimezungumzia noti ipi ikae tundu lipi. Lakini hata noti hiyohiyo inaweza kukaa juu kidogo au chini kidogo. Marine Band za zamani, kwa miongo mingi, hazikupigwa tyuni kama piano. Zilipangwa ili kodi zitulie, sauti zilale juu ya nyingine bila kupepesuka. Mi na ti zilikaa chini kidogo ya zile za piano, na ile fa ya tundu la 5 ilikaa chini zaidi, kiasi cha senti 31, ikiwa nusu toni ya piano ina senti 100. Sababu ni kwamba ilifuata sauti ya saba katika ngazi ya sauti za asili zinazozaliwa juu ya so. Ukivuta kodi nzima, inaunguruma kama mzinga wa nyuki. Baadaye vikaja vinanda vilivyopigwa kama piano, Golden Melody na vya Lee Oskar vikiwemo, ili noti mojamoja isikike sawa ukipiga na bendi. Hohner wenyewe wakaisogeza Marine Band kwenye maafikiano ya katikati.

Siwalaumu. Ile fa ya zamani, ukiipiga peke yake kwenye melodia ya do, inasikika kama mtu kachoka. Kila kitu kina bei. Ninachokasirika nacho ni kijana wa leo mwenye programu ya tyuna kwenye simu, anaipima Marine Band ya marehemu babu yake, taa nyekundu inawaka, anatangaza kimebovuka. Hakijabovuka, mtu wangu. Kinafuata sheria nyingine.

Na sheria hiyo haiko mbali na sisi. Wagogo wa Dodoma, ambao muziki wao Hukwe Zawose aliuzungusha duniani, wanaimba na kutyuni ilimba zao kwa kufuata ngazi hiyohiyo ya sauti za asili, na ile ya saba imo. Weka tyuna ya simu mbele ya kwaya ya Wagogo, taa nyekundu itawaka jioni nzima. Ningependa kumwona huyo kijana akiwaambia kwamba wamebovuka.

Turufu ya mwisho ya walinzi wa Richter huwa ni Howard Levy. Mmarekani huyu anapiga noti zote 12 kwenye kinanda cha Richter kisichoguswa, kwa kupinda na kwa mbinu ya kupuliza mpaka ulimi wa kuvuta ndio ulie, tena juu ya sauti yake ya kawaida. Ni kweli, nimemsikiliza, ni mtu wa kushangaza. Kuna watu pia wamepanda Kilimanjaro wakikimbia. Hatujafunga barabara za mabasi kwa sababu yao.

Hoja yao moja naikubali bila kinyongo. Masomo yaliyoandikwa kwa namba za matundu yameandikwa kwa ajili ya Richter, rafiki akikuazima kinanda kitakuwa cha Richter, na anayeanza na tyuni ya ajabu anaweza kujikuta peke yake kwenye chumba chake. Ndiyo maana siwaambii wanaoanza wakimbilie mzunguko. Nawaambia tundu la 3. Masomo yote yanabaki vilevile isipokuwa kila palipoandikwa puliza 3 wewe unavuta 2, so ni ileile. Kwa badiliko la ulimi mmoja hutafukuzwa na mtu.

Kwa wale ambao bado wanasema huo ni uvivu, nina ombi dogo. Chukua Richter yako isiyoguswa, ya C. Piga so, la, do, ukianzia chini: vuta 2, kisha la ya tundu la 3 kwa kupinda, kisha puliza 4. Polepole, kama unambembeleza mtoto, mara ishirini mfululizo, na la isimame palepale kila mara. Jirekodi. Kisha mpe rekodi hiyo bibi yeyote anayejua wimbo wenye kishuko hicho, asiyejua chochote kuhusu Trossingen wala Chicago, umuulize ni mara ngapi ameusikia wimbo wake.